Upinde wa Baba Ulinifunza Siri ya Mbao na Gundi

Msomaji mpendwa, je, nyumbani kwenu kuna kitu kilichoachwa na marehemu ambacho hakuna anayethubutu kukitupa wala kukitumia? Kwa wengine ni redio ya mbao. Kwa wengine ni cherehani, au baiskeli isiyo na mnyororo. Kwetu sisi ni upinde.

Usidhani nasema upinde wa mti mmoja kama ule wa wazee wetu. Huu ni wa kizungu, wa aina iliyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960. Mikono yake miwili imekunjwa nchani kuelekea mbele, mfano wa midomo iliyobetuliwa, na katikati una kishikio kinene cha mbao kinachong'aa, chenye mistari myekundu, myeupe na ya kahawia. Kando ya kishikio pameandikwa kwa mkono namba mbili, 62 na 45. Ya kwanza ni urefu wake kwa inchi. Ya pili ni ratili za nguvu ambazo mpigaji huzishika mkononi anapouvuta ugwe kufikia inchi 28.

Marehemu baba alikuwa mtunza bustani huko Lavington tangu mwaka wa 1959. Mwajiri wake alipenda kulenga shabaha kwa mishale nyuma ya nyumba siku za Jumamosi. Mwaka wa 1978 bwana huyo alifunga virago na kurudi kwao. Baada ya miaka 19 ya jembe na mkasi wa ua, baba alirudi Kangemi jioni moja na mshahara wa miezi miwili, blanketi moja na upinde uliofungwa kwa gunia.

Mama hakumaliza kulisema jambo hilo hadi alipoiaga dunia. "Wenzake walipewa kiinua mgongo, yeye akapewa fimbo ya kuchezea," alikuwa akisema kila karo ya shule ilipokosekana. Nasi watoto tulikua tukiuona upinde ule kama risiti ya dhuluma. Baba hakujibu neno. Aliutundika ukutani, basi.

Alipofariki mwaka wa 1996, mimi niliuchukua upinde. Kaka yangu mkubwa alitaka tuuze. Tulibishana, tukanuniana, na kwa miaka mingi tukawa watu wa kusalimiana kwenye matanga na harusi tu.

Ajali

Sasa nikupeleke kwenye likizo moja ya Agosti, miaka michache iliyopita. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alikuwa amesikia kwamba mwanamke Mkenya, Shehzana Anwar, ndiye aliyeibeba bendera yetu katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, na kwamba mchezo wake ulikuwa huu huu wa upinde na mishale. Akanisihi, "Baba, tuutie ugwe wa babu tuone."

Nami, kwa kujitia ujuzi, nikaupitisha mguu katikati na kuukunja kwa paja. Kumbe upinde uliokaa ukutani miaka zaidi ya 20 haukunjwi hivyo. Nilisikia "tak!" ndogo kama kijiti kilichokanyagwa. Nilipoangalia, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umejitokeza kwenye kishikio, ukifuata mstari ambapo mbao nyekundu imekutana na nyeupe.

Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikumbuka? Siku hiyo hiyo nikautoa upinde kwa fundi mmoja wa mtaani. Akaimimina gundi nyeupe ya mbao ndani ya ufa, akapiga skrubu mbili, akapaka vanishi juu. Kwa macho ukawa mzima. Nikalipa na kumshukuru.

Tukauweka chumba cha watoto, chini kabisa ya mabati, kwenye joto la mchana. Wiki mbili baadaye mwanangu akauvuta. Kishikio kilifunguka kama kitabu. Mkono wa juu ulimrukia usoni ukampasua nyusi. Nilipofika uani, damu ilikuwa imejaa kiganja chake, naye analia kwamba jicho halioni.

Jicho lilikuwa zima, Mungu ni mwema. Ni damu tu iliyoliziba. Alishonwa nyuzi tano. Lakini usiku ule Mama Watoto aliniambia kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo waume tunaijua: "Baba Watoto, kesho nikikuta hicho kitu humu ndani, nitapikia chai."

Safari ya Ngong Road

Asubuhi nikaufunga upinde kwa gazeti na kupanda matatu namba 23 hadi mjini. Nilikuwa nimeshindwa. Nilitaka kufanya alichotaka kaka tangu zamani: kuuza. Nikazunguka maduka ya vitu vya kale katikati ya jiji. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema hicho ni kuni. Wa tatu, mzee mwenye miwani, aliukagua kwa huruma kisha akaniambia: "Sinunui kilichovunjika. Lakini aliyetia skrubu hapa hakujua anashika nini. Nenda Ngong Road kwa watu wa fanicha, ulizia fundi anayejua kugandisha mbao."

Wewe msomaji unayepita Ngong Road umewaona mafundi wale wa vitanda na makabati kando ya barabara, ingawa upanuzi wa barabara uliwasogeza baadhi yao huku na huko. Hapo ndipo nilipompata mzee mmoja mwenye masikio yaliyojaa vumbi la mbao. Nilimwamkia, nikamfungulia gazeti. Hakunijibu haraka. Alichukua bisibisi, akazitoa skrubu zile mbili, akazitupa ndani ya kopo.

"Kijana wangu," alisema, ingawa nina mvi, "hebu hesabu mbao zilizo kwenye kishikio hiki."

Nikahesabu. Zilikuwa tano: mbili nene nyekundu, mbili nyembamba nyeupe, na moja ya kahawia katikati.

"Kwa nini unafikiri aliyetengeneza alijisumbua na tano, na gogo moja lingetosha?"

Nikasema ni kwa urembo. Akatikisa kichwa. Naam, urembo ni mmojawapo wa sababu, lakini ni wa mwisho.

Kwa nini mbao tano?

Nitajaribu kukueleza kama alivyonieleza, kwa sababu somo hili linafaa hata kwa anayenunua meza au kuchonga mpini wa jembe.

Kwanza, gogo nene halikauki sawasawa. Nje hukauka mapema na kusinyaa, ndani bado kuna maji, na hapo ndipo nyufa huzaliwa moyoni mwa mti. Ubao mwembamba hukauka wote kwa pamoja, na kasoro yake unaiona kabla hujautumia. Ukigandisha mbao tano nyembamba zilizokauka vizuri, unapata kipande kinene ambacho unajua kilichomo ndani yake.

Pili, mbao haiachi kucheza. Masika hunyonya unyevu na kufura, kiangazi hukauka na kusinyaa, na kila ubao una upande unaoupenda wa kujipinda. Fundi hodari huzipanga mbao ili huyu akitaka kupinda kushoto, jirani yake avute kulia. Wakizuiana hivyo, kishikio hukaa kimenyooka miaka nenda miaka rudi.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, kishikio cha upinde kina shingo. Ili mshale upite karibu na katikati, fundi hulikata dirisha ubavuni mwa kishikio, juu kidogo ya mahali pa mkono. Mbao inayobaki hapo ni nyembamba, nayo ndiyo inayobeba kazi yote. Ugwe ukivutwa, upande wa kishikio unaotazama shabaha hunyooshwa, na upande unaomtazama mpigaji hugandamizwa. Kama ni gogo moja, na nyuzi zake zimekatiza mshazari hapo shingoni, ufa ukianza hukimbia hadi ng'ambo. Katika mbao zilizogandishwa, ufa ukifika kwenye ubao wa pili hukuta nyuzi zinazoelekea kwingine, na mara nyingi huishia hapo.

Nne ni uzito. Mbao nzito hutuliza mkono ili usitetemeke wakati wa kulenga. Mzee aliipima mbao nyekundu kwa kiganja akasema inafanana na bubinga, mti wa misitu ya Cameroon na Gabon, ambao mafundi wa pinde huko ng'ambo waliupenda sana. Siku hizi haupatikani kwa urahisi, kwani tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Nyeupe alisema ni maple, mti wa Marekani ya Kaskazini ambao utomvu wa jamii yake hupikwa ukawa asali ya kumwagia chapati zao. Fikiria, msomaji: mti wa Afrika na mti wa Marekani, zilikutana kwenye karakana ya mbali, kisha zikarudi pamoja hadi Kangemi ndani ya gunia!

Aidha, alinionyesha kitu ambacho sikuwa nimekigundua kwa miaka yote ile. Mistari myeupe haikunyooka. Ilikuwa imepinda kama upinde wa mvua. Hapo fundi alichukua kipande cha mbao nyekundu, akakipasua kwa msumeno kwa njia ya kupinda, kisha akatia katikati ubao mweupe wenye unene sawa na mbao iliyoliwa na msumeno. Ubao mwembamba hukubali kupinda. Ukibana, vipande hurudiana barabara, na kinachoonekana ni mstari usio na pengo. Ncha za kishikio nazo huchongwa zikawa nyembamba kama karatasi, ili mikono ya upinde ipokee nguvu pole pole. Mikono yenyewe ni vipande vya mbao nyembamba vilivyopakatwa na faibaglasi mbele na nyuma. Mikono na kishikio huwekwa pamoja juu ya kalibu, hubanwa, kisha huwekwa kwenye sanduku lenye joto hadi gundi ishike.

Ustadi huu si wa jana. Waturuki na Wamongolia waligandisha pembe, mbao na kano za wanyama kwa gundi ya samaki na ya ngozi, na upinde mmoja ulichukua miezi mingi. Katika miaka ya 1950 Wamarekani kama Fred Bear waliieneza faibaglasi mahali pa pembe na kano. Kwa upande mwingine Waata wa Tsavo walikuwa na pinde za mti mmoja zilizohitaji zaidi ya ratili 100 kuvuta, na walizitumia kuwaangusha ndovu. Kwa hivyo mti mmoja si udhaifu. Lakini upinde mnyoofu wa namna ile hauna dirisha ubavuni wala shingo nyembamba. Kila umbo hudai mbao zake.

Siku hizi pinde nyingi za Olimpiki zina vishikio vya madini. Ndiyo maana hivi vya mbao huitwa vya kale.

Kosa langu

"Sasa niambie," nikamuuliza mzee, "yule fundi alikosea wapi?"

"Mlikosea wawili," akanijibu bila kupepesa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Upinde wa aina hii hutiwa ugwe kwa kamba maalumu inayokanyagwa kwa miguu, ili mikono yote miwili ipinde sawa. Kuupitisha mguu kunausokota, na msokoto huo hutua shingoni.

La pili ni gundi. Gundi nyeupe ni nzuri kwa kiti na droo. Lakini ikibeba mzigo wa kudumu hujivuta kidogo kidogo, na joto huilainisha. Chini ya mabati yetu, ilikuwa ikiachia kila mchana nasi tumelala. Isitoshe, ilimiminwa juu ya gundi ya zamani na vumbi, haikuigusa mbao yenyewe.

La tatu ni skrubu. Skrubu hutenganisha nyuzi za mbao ili ipate nafasi, na hivyo ufa hupata njia mpya. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Sisi tuliizidisha wembamba pale pale ilipokuwa nyembamba.

Nikamuuliza kama upinde utapona. Alisita, kisha akasema: "Nitausafisha na kuugandisha kwa gundi ya mirija miwili. Utakaa ukutani hadi wajukuu wako wazeeke. Lakini hautavutwa tena. Jicho la mtoto halina gundi."

Kazi ya mikono

Nilirudi kwake Jumamosi tatu mfululizo, nikiwa na mwanangu mwenye plasta juu ya jicho. Mzee alikataa kijana akae bure. Alimpa masalio manne ya mbao, mvule, mahogani, mtarakwa na mwaloni wa Meru, akamwambia atengeneze mpini wa kisu cha jikoni cha mama yake kwa njia ile ile. Nakuandikia hatua zake, huenda nawe ukazijaribu na wanao likizo ijayo.

Piga randa kila ubao hadi uwe tambarare. Ziweke mbili pamoja, uzitazame zikielekezwa kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita, rudi kwenye randa. Gundi haizibi uzembe. Pangusa vumbi lote. Mbao yenye mafuta kama mtarakwa ifute kwa thina, uiache ikauke, ndipo ugandishe. Changanya gundi ya mirija miwili kwa kipimo kilichoandikwa, upake nyuso zote mbili. Bana kwa klampu hadi matone madogo yatokeze kwenye mstari, kisha uache kukaza. Ukikaza kupita kiasi unaikamua gundi yote, na mbao hubaki na njaa. Acha siku nzima. Siku nzima, si saa mbili! Halafu chonga kwa tupa, lainisha kwa msasa mkali kisha laini, ukiwa umefunika pua, na umalizie kwa mafuta.

Mwanangu alibana ya kwanza kwa pupa, ikaachana. Ya pili ikakubali. Nilimwona akiipitisha kidole juu ya mstari wa gundi, asiuhisi.

Mzee alitucheka pia kwa neno moja. Karibu na miguu yake palikuwa na mbao za podo. "Kwa Kiswahili cha zamani podo ni nini?" akamwuliza kijana. Kijana hakujua. "Ni mfuko wa kubebea mishale. Leo mnaijua ni mbao ya dari tu."

Kaka

Jumamosi ya tatu, ya kuugandisha upinde, mzee alihitaji mikono ya ziada kushika klampu. Nikajikaza nikampigia kaka simu. Anaishi Kawangware, si mbali. Sikutarajia aje. Alikuja, akasimama kando, mikono mfukoni, hadi gundi ilipopakwa na mzee akafoka: "Wewe! Shika hapa!"

Akashika. Tulikuwa tumeinamiana, vichwa vyetu karibu vigusane, tukingojea matone yatokeze. Ndipo kaka aliposema, kana kwamba anaendelea na mazungumzo ya jana:

"Unajua baba ndiye aliyeuomba huu upinde?"

Nilimtazama.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nikienda naye Lavington Jumamosi kuokota mishale. Siku moja yule bwana akampa baba ajaribu. Akalenga gunia la nyasi, akapiga katikati. Akapiga tena, katikati. Sijawahi kumwona akicheka vile. Pesa zake alidhulumiwa, hilo ni kweli, na mama alikuwa na haki ya kulia. Lakini upinde hakupewa kwa dharau. Aliuomba mwenyewe, akauchagua."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ungenisikiliza? Nyinyi mlikuwa mmeshaamua ni upinde wa aibu. Nilipotaka tuuze ni kwa sababu nilichoka kuwasikia mkimhurumia mtu aliyekuwa na furaha yake."

Mzee alitwambia tusizungumze, klampu zinateleza.

Msomaji mpendwa, upinde sasa uko ukutani sebuleni kwangu, mbali na mabati, bila ugwe. Ufa haukutoweka kabisa. Ukiutazama dirishani asubuhi unauona kama mkwaruzo wa kalamu. Mama Watoto hajaupikia chai. Anakatia sukuma wiki kwa kisu chenye mpini wa mbao nne, na wageni wakikisifu husema kwa madaha kwamba hakiuzwi. Kaka huja Jumapili baada ya ibada. Bado tunabishana, lakini sasa tunabishana tukinywa chai.

Ikiwa kwenu kuna kitu cha aina hiyo, kabla ya kukiuza au kukitengeneza kwa haraka, mtafute aliye mkubwa kuliko nyote na umwulize kilifikaje nyumbani. Muulize angali hai. Nami ningalimwuliza baba, sijui kwa nini sikufanya hivyo.